Grimsby kwa Mwili, Walthamstow kwa Barua

Mpaka nilipofika Uingereza sikuwa nimewahi kuwa na anwani yangu mwenyewe, na wala sikuona kwamba nimepungukiwa na kitu. Kwetu Korogwe barua zote za ukoo zilipitia S.L.P. ya shule ya msingi aliyokuwa akifundisha baba yangu mdogo. Nilipokwenda kusomea uuguzi, barua zangu ziliendelea kwenda shuleni. Nilipopangiwa kazi hospitali ya wilaya nyingine ziliendelea kwenda shuleni, na baba mdogo alizikusanya, akazifunga kwa mpira, akampa mtu yeyote anayepanda basi kuja upande wangu. Alistaafu, na sanduku likabaki letu vilevile. Mtu akiniuliza anwani nilimpa ile, na hakuna aliyefikiri kwamba nalala shuleni.

Naanza na sanduku la barua kwa sababu watu wananiuliza, mtu mzima, muuguzi, umesoma, uliwezaje kufanya kosa la kijinga namna ile? Nimechoka kujibu. Halikuwa kosa la kijinga. Lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa vizuri katika nchi ambayo tarishi hagongi mlango wa mtu.

Nilifika London mwishoni mwa miaka ya tisini, kuja kusoma. Binti yangu alikuwa na miaka kumi. Nilimwacha kwa mama yangu, Korogwe, kwa sababu baba yake alikuwa ameshakwenda zake Mombasa na kuoa huko. Nilimwambia mtoto miaka miwili tu. Sikumdanganya; na mimi ndivyo nilivyoamini. Miwili ikazaa mingine, kama ilivyokuwa kwa kila mtu niliyemjua pale, na kila nilipopiga simu aliniuliza neno moja tu, lini, mpaka akaacha kuuliza.

Mwenzangu mmoja wa chuoni alinipeleka Walthamstow kwa mama mmoja wa Kipemba tuliyemwita Bi Mkubwa. Alikuwa amekuja miaka michache kabla yangu, na watoto wanne, baada ya mambo ya siasa kuchafuka kwao. Manispaa ilimpa nyumba ya kupanga, mtaa wa tatu kutoka sokoni, nyumba nyembamba iliyobanwa na nyingine kushoto na kulia. Nilikaa sebuleni kwake miezi minane, kabla ya kupata chumba cha chuo. Hakunidai kitu ila kumpaka dawa magotini na kumtafsiria kwa daktari. Watoto wake walikijua Kiswahili vizuri sana, lakini ukiwasemesha walikujibu Kiingereza, na yeye aliwaitikia Kiswahili, na maisha yakaenda.

Chini ya ngazi ya nyumba ile kulikuwa na pakacha la makuti lililotoka Pemba. Ndani yake mlikuwa na barua za watu. Si za watoto wake: za watu. Kulikuwa na dereva aliyehamia Milton Keynes, ndugu wawili wa kike waliokuwa Cardiff, mwanafunzi wa Coventry, na wengine ambao sikupata kuwaona ila majina yao nayajua mpaka leo. Wote walipitia pale walipofika, wakapewa godoro, wakaandika anwani ile benki na kwingineko, halafu wakaondoka na kuziacha barua zao. Jumapili mojamoja walikuja kuzichukua na kula pilau. Bi Mkubwa hakusoma Kiingereza, lakini alizijua bahasha. Nyeupe yenye dirisha ni benki, hiyo haina haraka. Ya kahawia ni ya serikali. Ikija ya kahawia alikupigia simu siku ileile, popote ulipo.

"Mwanangu, umeandikiwa na serikali," alikuwa akisema. "Njoo, na ukija pitia sokoni nnunulie muhogo."

Mwaka 2002 nilipata kibali cha kazi. Nilikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee huko mashariki ya London, na tajiri wangu alinipa chumba hukohuko kazini. Nikahamisha begi. Barua sikuzihamisha, nizihamishe niende nazo wapi? Chumba cha kazini ni cha tajiri. Leo upo, kesho hupo. Walthamstow palikuwa na mama.

Kibali cha kazi kilikuwa na hesabu yake, na kila Mwafrika wa Mashariki aliyebeba boksi ghalani au aliyevaa sare ya uuguzi aliijua hesabu hiyo kuliko umri wake. Ukifanya kazi miaka minne mfululizo kwa kibali, unaomba ukaazi wa kudumu. Sisi tulisema kupata makaratasi. Nikipata makaratasi, nitamleta binti yangu, aingie chuo kama watoto wa hapa. Angeweza kuja mapema kama mtegemezi wa mwenye kibali, nililijua hilo. Lakini aje akae wapi, katika chumba kimoja juu ya wazee ishirini? Na kila mtu niliyemuuliza aliniambia subiri makaratasi kwanza. Nilipiga hesabu: makaratasi mwanzoni mwa 2006, na yeye anatimiza miaka kumi na minane mwezi wa saba mwaka huohuo. Akishafikisha kumi na minane si mtoto tena mbele ya sheria, ni mtu mzima anayeishi Korogwe, na mlango umefungwa. Nilikuwa na miezi mitano ya kuchezea. Niliona ni mingi.

Mwaka wa tatu wa kibali, tajiri aliuza nyumba ile ya London. Alikuwa na nyingine Grimsby, kule kaskazini kando ya bahari, safari ya asubuhi mpaka alasiri kwa basi la mkoani. Alituita mmoja mmoja ofisini, akatuambia atakayetaka kwenda naye atambadilishia kibali, na asiyetaka amtafute tajiri mwingine. Nilimuuliza jambo moja tu: nikihama mkoa, miaka yangu inaanza upya? Akasema haianzi, tajiri ni yuleyule na kazi ni ileile, yeye ataandika kunakohusika. Na kweli aliandika. Nakala yake ninayo hadi leo, na haina doa.

Walthamstow habari ile ilijadiliwa Jumapili nzima. Dereva wa Milton Keynes alisema ukihama unaanza moja, anamjua mtu yaliyomkuta. Yule mwanafunzi alisema si kweli. Bi Mkubwa alikuwa akikuna nazi, akasikiliza wote, akasema, "Weye nenda kafanye kazi. Barua zako zipo hapa, hakuna atakayejua umekwenda wapi." Alisema kwa mapenzi, kunipa moyo, na mimi nilicheka. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona kwamba hapo ndipo penye hatari.

Basi nikaenda. Sitausema vibaya mji wa watu. Grimsby ilinipa kazi na chumba chenye dirisha. Ila upepo wake ulikuwa na ugomvi, na nilikuwa naweza kumaliza wiki mbili bila kusikia neno la Kiswahili ila langu mwenyewe nikijisemesha. Na nyumbani sikusema kwamba nimehama. Hili nalo niliseme, kwa sababu lilinigharimu. Mama yangu alikuwa amewaambia Korogwe nzima kwamba mwanawe yuko London. Kumwambia sasa niko Grimsby kungekuwa kama kumwambia nimeshushwa cheo. Hata matamshi yake ningeyafundishaje kwa simu? Nikaona London inatosha. Binti yangu aliniandikia Walthamstow, kadi za Idi, ripoti za shule, picha aliyopiga siku ya mahafali ya kidato cha nne, na nilipokwenda Jumapili nilizikuta kwenye pakacha.

Mwezi wa pili 2006 miaka minne ilitimia. Nilijaza fomu jikoni kwa Bi Mkubwa, meza ikiwa imefutwa mara mbili ili karatasi isichafuke. Fomu ilitaka anwani, na ilitaka useme umeishi wapi kwa miaka yote ile. Niliandika Walthamstow. Sikusita, sikuinua kalamu. Niliona hata fahari kidogo, kwamba wengine wataandika anwani sita na mimi nina moja tu. Nikaambatanisha barua ya tajiri, stakabadhi za mshahara, taarifa za benki, nikapeleka posta ya sokoni, nikarudi Grimsby na basi la mchana.

Kwenye barua ya tajiri mlikuwa na sentensi moja niliyoipitia bila kuisoma. Ilisema kwamba mfanyakazi huyu amepewa makazi hapahapa kazini, Grimsby, tangu alipohamishiwa huku.

Mwezi wa tatu Bi Mkubwa alifiwa na kaka yake, akaenda Pemba. Alikaa mpaka arobaini. Nilimpa pole kwa simu na sikufikiri zaidi ya hapo. Kazini muuguzi mwenzetu alikuwa ameacha kazi ghafla, na mimi nikabeba shifti zake, nikitaka kujilimbikizia likizo ya kumpokea mwanangu. Mara mbili nilipiga simu Walthamstow kuuliza kama kuna barua zangu. Binti mkubwa wa Bi Mkubwa alinijibu kwa Kiingereza kwamba zipo nyingi tu, shangazi, njoo wakati wowote. Hakujua bahasha. Hajawahi kufundishwa kuogopa rangi ya kahawia, na namshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini siku zile nilimlaani moyoni.

Nilipofika hatimaye, nilikuta bahasha mbili za kahawia zimekaa pamoja kwenye pakacha, chini ya matangazo ya pizza. Ya kwanza ilikuwa ya uhamiaji, ikitaka nieleze kwa maandishi inawezekanaje mtu aishi London na kufanya kazi za mchana Grimsby siku tano kwa wiki. Walinipa siku za kujibu. Siku hizo zilikuwa zimepita. Ya pili ilisema kwamba kwa kuwa sikujibu, na kwa kuwa maelezo yangu hayalingani, ombi limekataliwa.

Nilikaa kwenye ngazi. Nilizisoma tena na tena kama kwamba nikisoma polepole zitabadilika.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa kijana mmoja wa Kikenya, mwanasheria, aliyekuwa akisaidia watu bure kwenye ukumbi wa kanisa si mbali na sokoni. Alizipanga karatasi zangu mezani, akazitazama kwa muda.

"Madam, hapa kuna shida," alisema. "Wewe unasema unaishi Walthamstow. Employer wako anasema unakaa Grimsby. Sasa mwenyewe unalala wapi?"

"Nalala Grimsby."

"Na mbona umeandika Walthamstow?"

"Kwa sababu ndiyo anwani yangu."

Nikamweleza habari za sanduku la shule, Korogwe. Alinitazama, halafu akaanza kucheka, si kwa kunidharau. Akaniambia yeye mpaka sasa, wakili mzima mwenye nyumba ya mkopo, kadi yake ya kliniki kule Machakos ina sanduku la barua la kanisa la babu yake. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi nakuelewa kabisa," alisema. "Lakini yule officer hajawahi kuchukua barua kwa headmaster. Yeye anaona mambo mawili tu. Ama hiyo kazi ni ya uongo, kibali umenunua na uko hapa London unafanya kazi zingine. Ama hiyo nyumba ni ya uongo. Uongo uko mahali."

"Hakuna uongo."

"Najua, madam. Lakini ulikuwa unajibu kama uko Korogwe."

Nilimuuliza kama tunaweza kukata rufaa. Akasema kibali changu kilikuwa bado hai hadi mwakani, na mtu mwenye kibali hai hana rufaa ya jambo lile; aombe upya tu. Nikasema basi tuombe upya, leo hii. Hapo ndipo aliponiambia kwamba mwezi wa nne, wakati barua yangu imelala chini ya matangazo ya pizza, sheria ilikuwa imebadilika. Miaka minne ilikuwa imekuwa mitano. Ningeomba tena mwanzoni mwa 2007.

"Mwanangu anatimiza kumi na minane mwezi wa saba," nilimwambia.

Alisema uko mlango mmoja bado: mtoto aombe sasa hivi, kabla ya siku yake ya kuzaliwa, kama mtegemezi wa mwenye kibali. Lakini lazima nionyeshe pa kumweka. Barua ya mwenye nyumba, idadi ya vyumba, idadi ya watu wanaolala humo. Alilirudia jambo la idadi ya watu mara mbili.

Bi Mkubwa alikuwa amerudi kutoka Pemba, amekonda, bado na kanga ya msiba. Nilikwenda kwake palepale kutoka kanisani. Nilimwamkia, nikampa pole tena, kisha nikamweleza yote, na nikamwomba barua ya kusema kwamba binti yangu atapata chumba kwake. Nyumba ile manispaa ilikuwa imeiandika kwa watu watano. Siku zile walikuwa wakilala tisa.

"Mwanangu, mie sina choyo nawe," alisema. "Akija kesho ntampa kitanda changu, nlale chini. Unanijua. Lakini karatasi siwezi. Wakija kuhesabu watu humu ndani, n'takwenda wapi na watoto?"

Alikuwa na haki. Nilijua ana haki wakati uleule anasema, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. Nilimwambia kwamba barua zangu amezilaza humu miaka chungu nzima, na mwanangu mmoja anamshinda. Nilimwambia kama asingekwenda Pemba haya yote yasingetokea. Mwanamke amemzika kaka yake, na mimi namwambia hivyo. Aliinamisha uso, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kanga. Niliondoka bila kula, jambo ambalo katika nyumba ile hakuna aliyewahi kulifanya, na sikumpigia simu mpaka mwaka uliofuata. Nimemwomba radhi baadaye, akaniambia yameisha. Kwake labda yameisha.

Grimsby nilikodi nyumba ndani ya wiki mbili, vyumba viwili juu ya duka la mazulia. Nilinunua kitanda. Nilinunua na pazia, la njano, kwa sababu alipokuwa mdogo alipenda njano. Mwanasheria akaandaa karatasi na kuzituma kwenye bahasha iliyofungwa, mama yangu akamsindikiza mtoto Dar es Salaam, na ombi likaingia ubalozini siku kumi na tisa kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Nilianza kupumua. Hata kazini waliniona nimebadilika. Bibi mmoja wa miaka tisini na mbili aliniuliza kama nimepata mchumba.

Walimwita kwa mahojiano. Nilikuwa nimemfundisha kwa simu mambo yote ambayo ningeweza kuyafikiria: nani analipa ada, nani anamnunulia sare, mara ngapi tunaongea, baba yake yuko wapi. Yote hayo aliyajibu bila kukosea. Kisha ofisa akamuuliza, mama yako anaishi wapi?

Akasema Walthamstow.

Ofisa akamuuliza ana hakika. Akasema ana hakika, na akatoa kwenye begi lake rundo la bahasha za barua nilizomwandikia, zote zina anwani ile mgongoni, tangu alipokuwa darasa la nne. Aliziweka mezani kwa ofisa kama ushahidi. Alidhani ananisaidia.

Jibu lilitoka baada ya miezi miwili, akiwa tayari ana miaka kumi na minane. Walisema hawakuridhika kwamba mama anaishi mahali alipodai anaishi, maana mtoto mwenyewe hapajui. Mwanasheria alinisomea kwa simu, nami nikamshukuru. Nilikuwa nimesimama dukani kwa muuza mazulia, nikiogopa kupanda juu, kwenye lile pazia.

Hasira zangu zote zilikuwa zimeisha, na hakukuwa na wa kumlaumu. Bi Mkubwa hakuwa na kosa, tajiri hakuwa na kosa. Hata ofisa wa Dar, nilijaribu kumchukia nikashindwa. Alimuuliza mtoto swali ambalo mtoto yeyote anapaswa kulijua, na mimi ndiye niliyemnyima jibu, kwa kuona haya ya mji.

Nilimpigia siku ya pili yake. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, nikakuta yeye ndiye ananibembeleza.

"Mama, usilie. Grimsby ni wapi?"

Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza nilimweleza mahali ninapoishi: basi la kutoka London, barabara iliyonyooka kwenda bandarini, nyumba ya wazee na ngazi yake ya nyuma, chumba nilichokaa kabla, ndege weupe wanaopasua mifuko ya taka. Nilieleza mpaka kadi ya simu ikaanza kulia. Alisikiliza kama mtoto anayesomewa hadithi.

Makaratasi niliyapata mwaka 2007, bila taabu yoyote. Safari hii niliandika kila mahali nilipowahi kulala, mpaka sebule ya miezi minane. Hawakuniuliza swali hata moja. Nilipiga simu Korogwe siku hiyohiyo. Binti yangu alikuwa ameshaingia chuo cha ualimu, na nilimkuta yuko nyumbani kwa likizo.

"Hongera, Mama," alisema, na nilimsikia anafurahi kweli. "Kwa hiyo sasa umemaliza. Unarudi lini?"

Nilidhani hakuelewa. Nikamweleza kwamba haya ni ya kukaa, ya kudumu, kwamba ndiyo niliyokuwa nikiyahangaikia ili yeye aje, na kwamba ingawa umri umepita tunaweza kutafuta njia nyingine, ya masomo labda.

"Mama, mimi sikuwa nangoja kuja," alisema. Alisema polepole, kwa adabu, kama anavyosemeshwa mgonjwa. "Nilikuwa nangoja urudi. Ulisema miaka miwili. Nilijua una makaratasi ya kumaliza huko, nikawa naomba uyamalize."

Nyuma yake nilimsikia mama yangu akiuliza nasema nini. Nikamwambia binti yangu kwamba nitakata tiketi. Nilikata kweli, mwezi wa kumi na mbili, likizo yangu yote ya mwaka: wiki tatu.